Sifa, Deheni na Oili ya Giaboksi: Matunzo ya Gia Otomatiki na Istilahi Zake katika Pwani ya Kismayo na Visiwa vya Wabajuni

Ikisiri

Makala hii inaeleza matunzo ya giaboksi otomatiki ya gari katika mazingira ya pwani ya Kismayo na Visiwa vya Wabajuni, kusini mwa Somalia. Hoja yake ni kwamba oili iliyomo ndani ya giaboksi hiyo ni kiungo kimojawapo cha mashine, na kwamba uharibifu mwingi unaoweza kuepukwa hutokana na kutolitambua jambo hilo. Sehemu ya tatizo imo katika lugha: neno moja, oili, hutumika kwa vimiminika kadhaa visivyoweza kushika nafasi ya kimoja na kingine. Kiswahili cha mabaharia wa pwani hiyo kilikuwa na desturi tofauti, kwa kuwa kila mafuta ya chombo yalikuwa na jina lake, mahali pake na msimu wake. Makala inaeleza jinsi giaboksi inavyofanya kazi, mambo yanayoidhuru katika pwani hiyo, na hatua za kuitunza, kisha inapendekeza majina machache yanayotokana na msamiati uliokwishazoeleka katika gereji.

Istilahi muhimu: giaboksi otomatiki, haidroliki, Wabajuni, Kismayo, istilahi za ufundi

1.0 Utangulizi

Pwani inayotoka Kismayo hadi Ras Kamboni, karibu na mpaka wa Kenya, imekaliwa kwa karne nyingi na Wabajuni, ambao lahaja yao ya Kiswahili huitwa Kibajuni au Kitikuu. Mbele ya pwani hiyo vimejipanga visiwa vidogovidogo, vikiwamo Koyama, Chovai na Chula. Wanaisimu, akiwamo Derek Nurse, wameandika kuhusu lahaja hiyo na watu wake. Maandishi mengi, hata hivyo, yamelenga bahari: uvuvi, vyombo, pepo na mitego. Makala hii inaangalia chombo kinachopokea mzigo pale jahazi au mashua inapoishia, yaani gari.

Samaki na kambamawe wanaovuliwa visiwani hawana thamani mpaka wafike sokoni wakiwa wabichi. Kutoka diko hadi soko la Kismayo, na kutoka Kismayo kwenda miji mingine, hubebwa kwa gari. Magari mengi yanayotumika Somalia ni yale yaliyokwishatumika Japani. Dalili yake ni usukani wa upande wa kulia katika nchi ambayo magari hupita upande wa kulia wa barabara. Mengi kati ya magari hayo yana giaboksi otomatiki, kwa sababu ndiyo iliyopendwa na wanunuzi wa kwanza huko yalikotoka.

Mvuvi au mchuuzi aliyeweka akiba yake yote katika gari la namna hiyo anabeba hatari kubwa. Injini ikisumbua, mafundi wengi wanaimudu. Giaboksi otomatiki ikifa, ni wachache wanaoweza kuifungua na kuirudisha, na bei ya nyingine huweza kuwa sehemu kubwa ya thamani ya gari lenyewe. Aidha, likikwama njiani katika mchanga wa kusini, barafu huyeyuka, samaki huharibika, na abiria hulala mahali pasipo salama. Kwa hiyo swali la jinsi ya kuitunza giaboksi ni swali la riziki, na maelezo yake yanastahili kupatikana katika lugha ambayo mwenye gari anaielewa.

2.0 Mafuta ya chombo katika Kiswahili cha mabaharia

Kabla ya kuingia ndani ya giaboksi, inafaa kukumbuka jinsi pwani hii ilivyoshughulika na mafuta kabla ya kuja kwa gari. Chombo cha mbao hakipakwi mafuta yoyote tu. Mbao za juu, zinazopigwa na jua na mvua, hupakwa sifa, yaani mafuta yanayotokana na maini ya papa na samaki wengine. Sehemu ya chini, inayokaa majini, hupakwa deheni, ambayo ni shahamu iliyochanganywa na chokaa, ili kuzuia wadudu wa baharini wasitoboe mbao. Katikati ya mbao na mbao hutiwa kalafati, ambayo ni pamba iliyoloweshwa mafuta.

Hakuna baharia anayepaka sifa mahali pa deheni kwa kisingizio kwamba yote ni mafuta. Jina lenyewe lilibeba maarifa: ukitamka deheni umekwishasema inakwenda wapi, imetengenezwa kwa nini na inazuia nini. Kazi hiyo ilikuwa na msimu wake pia. Kusi inapovuma kwa nguvu, vyombo vidogo hupandishwa pwani, na huo ndio wakati wa kuvikagua, kuvitia kalafati na kuvipaka.

Katika gereji hali ni tofauti. Neno oili hutajwa kwa kile kinachotiwa katika injini, katika giaboksi ya mkono, katika difu, na mara nyingi katika giaboksi otomatiki. Mafundi wengi wa Tanzania hutumia neno haidroliki kwa oili ya giaboksi otomatiki, na hiyo ni hatua nzuri, lakini neno hilohilo hutajwa kwa oili ya usukani, ya jeki na ya mitambo ya ujenzi. Mteja anayetumwa dukani kununua haidroliki anaweza kurudi na kopo lisilostahili, na muuzaji asiwe amemdanganya.

3.0 Giaboksi otomatiki inavyofanya kazi

3.1 Oili inayosukuma

Katika gari la gia za mkono, injini huunganishwa na giaboksi kwa klachi kavu, na dereva huikata kwa mguu kila anapobadilisha gia. Katika gari la otomatiki, kazi hiyo hufanywa na konvata. Umbo lake ni kama bakuli mbili zenye mapanga ndani, zilizotazamana ndani ya chungu kilichojaa oili. Bakuli ya kwanza huzungushwa na injini na kuirusha oili kwa nguvu. Oili hiyo huipiga bakuli ya pili na kuizungusha. Msomaji anaweza kufikiria feni mbili zilizowekwa uso kwa uso: ukiwasha moja, upepo wake huizungusha nyingine hata kama haina umeme. Katika konvata, oili ndiyo upepo.

Asili ya wazo hilo ni ya kibaharia. Mhandisi Mjerumani Hermann Föttinger alilisajili mwaka 1905 alipokuwa akifanya kazi katika kiwanda cha meli mjini Stettin, akitafuta njia ya kuunganisha tabo ya mvuke inayokwenda kasi na rafadha inayotakiwa kwenda polepole. Baadaye wazo hilo lilihamia nchi kavu. General Motors ya Marekani ilitangaza giaboksi ya Hydra-Matic mwaka 1939, na Toyota ikaanza kuuza giaboksi yake ya Toyoglide mwaka 1959.

3.2 Oili inayoamuru

Nyuma ya konvata kuna pampu inayozungushwa na injini. Pampu hiyo hufyonza oili kutoka katika sampu, yaani bakuli ya chini ya giaboksi, kupitia chujio, na kuipeleka kwa shinikizo katika bamba lenye vijia vingi vyembamba na valvu ndogondogo. Valvu hizo, zikisaidiwa na swichi za umeme, huamua ni klachi ipi ibanwe na ipi iachiwe. Klachi za ndani ni sahani nyembamba za chuma zilizopangwa kwa zamu na sahani zilizogundishwa utando wa msuguano unaofanana na karatasi ngumu. Shinikizo la oili likizibana, hushikana, likiondoka, huachana. Kwa kushika na kuachia sehemu mbalimbali za gia za sayari, ambazo zina gia moja katikati, gia ndogo zinazoizunguka na pete ya nje, gari hupata gia ya kwanza, ya pili na nyinginezo.

Baada ya kazi hiyo oili huwa imepata moto. Hupelekwa kwa mabomba mawili hadi kwenye kipoozeo, ambacho kwa kawaida kimo ndani ya tangi mojawapo la rejeta, kisha hurudi katika sampu.

Kutokana na maelezo haya, oili ya giaboksi otomatiki ina kazi nne: kusafirisha nguvu, kutoa amri kwa shinikizo, kupoza, na kulainisha huku ikisafisha. Oili ya injini hutakiwa hasa kulainisha, kusafisha na kupoza.

3.3 Kwa nini oili moja haishiki nafasi ya nyingine

Oili ya giaboksi otomatiki inabeba masharti mawili yanayoonekana kupingana. Katika beringi na gia inatakiwa kuondoa msuguano. Katika klachi inatakiwa kuruhusu msuguano wa kiasi maalumu: ukizidi, gia huingia kwa kishindo; ukipungua, sahani huteleza, hupata moto na kuungua. Uwiano huo hupatikana kwa kemikali zinazochanganywa kiwandani kwa ajili ya aina fulani ya klachi.

Kwa miongo kadhaa, mojawapo ya viambato hivyo katika oili za Marekani ilikuwa mafuta ya nyangumi wakubwa wenye meno. Sheria za kuwalinda wanyama hao zilipoanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1970, watengenezaji walilazimika kutafuta kemikali mbadala, na viwango vya oili vikaandikwa upya. Inafunza kwamba kiambato kidogo katika oili kinaweza kuamua kama klachi itashika au itateleza. Kwa hiyo maandishi ya T-IV, WS au Dexron katika kopo si mapambo ya kibiashara. Ni maelezo ya msuguano.

Tofauti ni kubwa zaidi katika giaboksi za mkanda, zinazojulikana kwa herufi CVT. Hizi hazina ngazi za gia. Zina mkanda wa chuma unaopita kati ya puli mbili zinazopanuka na kubana. Kampuni ya DAF ya Uholanzi ilizindua gari la mfumo wa mikanda mwaka 1958, na leo magari mengi madogo ya Japani yanautumia kwa mkanda wa chuma. Toyota Probox, kwa mfano, ilikuwa na giaboksi otomatiki ya ngazi nne hadi toleo la mwaka 2014 lilipoleta CVT. Magari mawili yenye jina moja na umbo linalokaribiana yanaweza basi kuhitaji oili mbili tofauti. Oili ya klachi ikitiwa katika giaboksi ya mkanda, mkanda unaweza kuteleza juu ya puli na kuzikwaruza, na mkwaruzo huo hauondoki kwa kubadilisha oili tena.

4.0 Maadui watatu wa giaboksi katika pwani hii

4.1 Joto

Kismayo iko karibu kabisa na Ikweta, na hewa inayotakiwa kupoza rejeta ni ya moto mwaka mzima. Oili ya giaboksi hufanya kazi vizuri katika joto la nyuzi 80 hadi 95 za Selsiasi. Mafundi hutumia kanuni ya makadirio kwamba joto likizidi hapo, kila nyongeza ya nyuzi 10 hivi hupunguza uhai wa oili kwa nusu. Oili ambayo ingedumu kilomita 80,000 katika nyuzi 90 itadumu takriban 40,000 katika nyuzi 100, na 20,000 katika nyuzi 110. Kuanzia nyuzi 115 hivi huanza kuganda utando wa kahawia unaoziba vijia vya valvu. Ikikaribia 150, sili hukakamaa na klachi huteleza.

4.2 Mchanga

Joto hilo huzalishwa zaidi gari linapokwenda polepole huku injini ikivuma. Katika mchanga mzito bakuli ya kwanza ya konvata huzunguka kwa kasi na ya pili karibu isizunguke. Nguvu isiyofika kwenye magurudumu hugeuka moto ndani ya oili. Dakika chache za kung'ang'ana mchangani huweza kuipandisha oili joto kuliko safari ndefu ya lami.

4.3 Chumvi

Chumvi huingia kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya nje: rasharasha la bahari na mchanga wa pwani hula mabomba ya chuma yanayopeleka oili kwenye kipoozeo, hula sampu, na huleta kutu katika viungio vya nyaya za umeme. Ya pili ni ya ndani, na haionekani upesi. Maji ya visima vya pwani na visiwa mara nyingi yana chumvi. Dereva anayejaza rejeta kwa maji hayo, badala ya maji maalumu ya kupozea, huanzisha kutu ndani ya rejeta. Kutu hiyo ikitoboa kipoozeo, maji na oili huchanganyika, na oili hupata rangi ya waridi iliyofifia kama maziwa. Maji hulegeza gundi inayoshika utando wa klachi. Giaboksi inaweza kuharibika hivyo kwa sababu ya ndoo ya maji, na mwenye gari asiuone uhusiano wa mambo hayo mawili.

5.0 Matunzo

5.1 Kupima na kusoma oili

Magari yenye kijiti cha kupimia oili ya giaboksi hupimwa kwa utaratibu ufuatao. Gari liwe limekwenda kiasi cha kupata joto la kawaida na lisimame mahali pa usawa. Injini ikiwa inanguruma na breki imekanyagwa, dereva apitishe mkono wa gia katika kila nafasi kwa muda mfupi, kisha arudi P. Kijiti kichomolewe, kifutwe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kirudishwe, kichomolewe tena na kusomwa kwenye alama ya moto. Baadhi ya magari, hasa ya Honda, hupimwa injini ikiwa imezimwa muda mfupi uliopita. Kitabu cha gari ndicho cha kufuatwa.

Giaboksi nyingi za sasa hazina kijiti. Kiwango hupimwa kwa kufungua plagi chini ya sampu injini ikiwa inanguruma, na oili inayozidi humwagika yenyewe. Sharti lake ni joto la oili, ambalo kwa magari mengi ya Toyota huwa mahali fulani kati ya nyuzi 35 na 55 kutegemea modeli. Oili yenye moto hutanuka. Ikipimwa kwa moto uliozidi, itamwagika nyingi na giaboksi itabaki na upungufu. Katika mji kama Kismayo, ambako gari lililosimama juani huchelewa kupoa, kipimo hicho kifanywe alfajiri gari likiwa limelala usiku mzima, kisha injini iwashwe na joto lifuatwe hadi lifike linapotakiwa.

Baada ya kiwango, rangi na harufu zisomwe. Oili nyingi za giaboksi za klachi ni nyekundu zikiwa mpya. Kahawia nyepesi ni dalili ya umri. Kahawia nzito yenye harufu ya kuungua ni dalili kwamba klachi zimeanza kuteketea. Rangi ya maziwa ni maji, na gari lisiendeshwe tena mpaka rejeta na giaboksi zishughulikiwe.

Mabaharia husema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Katika giaboksi, ngama ni sampu: kila kinacholika ndani hurudi na kutua hapo. Sampu ikifunguliwa, sumaku zake zitakutwa na ungaunga wa kijivu laini kama uji. Huo ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyoonekana kwa jicho au vinavyochoma kidole ni habari nyingine, na kubadilisha oili peke yake hakutaponya.

5.2 Kubadilisha oili

Baadhi ya watengenezaji huandika kwamba oili ya giaboksi haihitaji kubadilishwa. Kauli hiyo ina maana katika mazingira waliyoyakusudia, na mchanga wa kusini mwa Somalia haukuwamo. Kwa mazingira magumu, kubadilisha kila kilomita 40,000 hadi 50,000 ni tahadhari ya busara. Kwa kuwa kilomita zinazoonyeshwa na gari lililotumika haziaminiki daima, kalenda ya mabaharia inaweza kusaidia: kukagua kila msimu wa kusi, na kubadilisha kila baada ya misimu miwili kwa gari la kazi.

Hatua ni hizi. Kwanza, thibitisha aina ya oili kwa kusoma kijiti, kitabu au kibati cha giaboksi, wala si kwa jina la gari. Pili, mwaga oili ikiwa na uvuguvugu na uipime kwa chupa zenye ujazo unaojulikana; kiasi kilichotoka ndicho kitakachorudi, iwapo kiwango kilikuwa sahihi hapo mwanzo. Tatu, fungua sampu, safisha sumaku, badilisha chujio na gasketi, na ukaze bolti kwa kuvuka pande bila kuzidisha nguvu. Nne, jaza kwa faneli safi mahali pasipo upepo wa vumbi, kisha pima kama ilivyoelezwa.

Oili yote haitoki kwa mara moja, kwa sababu nyingine hubaki katika konvata. Tuseme asilimia 40 imetoka. Baada ya kubadilisha mara moja, asilimia 60 ya iliyomo ni ya zamani. Baada ya mara mbili, 36. Baada ya mara tatu, takriban 22. Kwa hiyo gari lililonunuliwa na oili nyeusi linafaa kubadilishwa mara mbili au tatu kwa kuachana kilomita 1,000 hivi.

Hapa inafaa kujibu imani iliyoenea kwamba oili mpya huua giaboksi ya zamani. Kinachoonekana mara nyingi ni kwamba mwenye gari huenda kwa fundi gia zikiwa zimekwishaanza kuteleza. Klachi zimelika, na oili mpya hairudishi utando ulioungua. Kusukuma oili kwa mashine yenye shinikizo kubwa kunaweza pia kuhamisha uchafu hadi kwenye valvu. Kumwaga polepole na kwa awamu hakuna hatari hiyo, ila hakufufui klachi iliyokwisha.

Oili chafu isimwagwe mchangani. Maji matamu ya visiwa hukaa karibu na uso wa ardhi juu ya maji ya chumvi, na kisima kikishaingia oili hakisafishiki kwa urahisi.

5.3 Uendeshaji

Sehemu kubwa ya matunzo iko mikononi mwa dereva. Katika mchanga, apunguze upepo wa matairi, atumie gia ya chini kwa kuichagua mwenyewe, na asikanyage mafuta gari likiwa limezama. Akihisi giaboksi imepata moto, asimame, aweke P au N na aiache injini ikinguruma, kwa sababu pampu ndiyo inayopeleka oili kwenye kipoozeo. Akiizima, oili hukaa na moto wake palepale. Asiondoe gia ya nyuma na kuweka ya mbele kabla gari halijasimama kabisa. Katika mteremko avute breki ya mkono kwanza, kisha aweke P, ili uzito wa gari usibebwe na kijino kimoja cha chuma.

Gari la otomatiki la kawaida haliwashwi kwa kusukumwa. Injini ikiwa imezimika, pampu haizunguki. Bila pampu hakuna shinikizo, na bila shinikizo hakuna klachi inayoshika. Kwa sababu hiyohiyo lisivutwe kwa kamba mwendo mrefu magurudumu yanayoendeshwa na giaboksi yakiwa chini, kwani gia zitazunguka bila kulainishwa. Yanyanyuliwe, au shafti ifunguliwe kwa magari ya kusukumwa nyuma.

Dalili mbili zisisubiriwe zikue: injini kupandisha mvumo bila gari kuongeza kasi, na gia kuchelewa kuingia kwa zaidi ya sekunde mbili baada ya mkono kuwekwa D au R. Zikishughulikiwa mapema, huenda tatizo likawa ni upungufu wa oili unaotokana na bomba lililoliwa na kutu.

6.0 Pendekezo la istilahi

Majina yanayohitajika hayana haja ya kubuniwa upya mezani. Mengi yamo vinywani mwa mafundi, yanahitaji kutenganishwa. Makala inapendekeza kwamba jina litaje mahali oili inapokwenda, kama ilivyo desturi ya deheni:

Oili ya injini: inayotiwa katika injini pekee.
Oili nzito ya gia: ya giaboksi nyingi za mkono na ya difu.
Haidroliki ya gia: ya giaboksi otomatiki yenye klachi na gia za sayari.
Oili ya mkanda: ya giaboksi za CVT.
Haidroliki ya usukani: ya usukani, hata pale ambapo kopo lake linafanana na la haidroliki ya gia.

Baada ya jina, aina itajwe daima kama ilivyoandikwa na mtengenezaji: haidroliki ya gia, WS, haidroliki ya gia, T-IV. Jina bila aina halijakamilika. Kadi ndogo yenye maneno hayo, iliyofungwa kwa uzi kwenye shingo ya rejeta pamoja na tarehe ya kubadilisha, ingemsaidia dereva, fundi na kijana anayetumwa dukani.

Suala hili lina upeo wa kikanda. Wabajuni wengi walikimbilia Kenya baada ya vita vya mwaka 1991, na Kiswahili cha gereji za Mombasa na Lamu hakiko mbali na masikio ya Kismayo. Somalia ilipokamilisha kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwezi Machi 2024, vyombo vya kusanifisha Kiswahili, likiwamo Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania lililoanzishwa mwaka 1967, vilipata sababu zaidi ya kuwatazama wazungumzaji hawa. Istilahi za sheria na utawala zimeshughulikiwa kwa muda mrefu. Istilahi za kile kinachomwingizia mtu riziki yake zinastahili uzito uleule, na wazungumzaji wa Kibajuni, wenye msamiati mpana wa chombo, washirikishwe katika kuzichagua.

7.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba oili ya giaboksi otomatiki husafirisha nguvu, hutoa amri, hupoza na hulainisha, na kwamba joto, mchanga na chumvi za pwani ya Kismayo huifupishia uhai. Matunzo yake hayahitaji mitambo ya gharama: yanahitaji kipimo sahihi, oili ya aina inayotakiwa, maji yanayofaa katika rejeta, na dereva anayejua kwa nini asing'ang'anie mchangani. Kabla ya hayo yote yanahitaji jina linalotofautisha. Mwenye gari anayeweza kusema kwa usahihi kile anachotaka kutiwa katika giaboksi yake amekwishapunguza nafasi ya kupewa kisichofaa, na muuzaji na fundi watakuwa na neno moja la kuulizana kabla kopo halijafunguliwa.